Stelingi Hafii Fort Worth

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, miaka ile ya vibanda vya video, mtu aliyetaka kutafsiri filamu za Kizungu alihitaji vitu vitatu: kipaza sauti, mapafu na Kiingereza. Wilondja alikuwa na viwili. Kipaza sauti alipewa na mwenye kibanda, mapafu alipewa na Mungu, na hicho cha tatu hakuna aliyemwuliza, kwa hiyo hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa habari wasizoziomba.

Filamu ilianza, mzungu akafumbua mdomo, na Wilondja akafumbua wake. Mzungu akisema neno moja, Wilondja alisema kumi. Mzungu akinyamaza, Wilondja aliendelea. Walikuwapo watafsiri wengine pale kambini waliokijua Kiingereza kweli, wakasema yaliyosemwa, na watu wakasinzia mabenchini. Kwa Wilondja hakuna aliyesinzia. Wazungu wa Wilondja walikuwa na wajomba Fizi, kwao Wilondja, waligombania mahari, na kabla ya kupigana bastola walitupiana methali za Kibembe. Ndipo wakamwita DJ Wilo, na jina likavuka bahari pamoja naye.

Filamu iliyompa heshima yote hiyo watu waliiita Koti Refu. Humo mna mwanamume mrefu mwenye koti refu, farasi mwenye sikio moja jeupe, na kinu cha upepo kinachoungua moto. Kwa mujibu wa Wilondja, stelingi, maana ndivyo watu wa vibandani wanavyomwita shujaa wa filamu, alinyang'anywa ng'ombe wa mahari na adui mwenye kofia nyeupe, akaenda kuwatafuta, na mchumba wake Tania akaapa kumngoja. Kuna mahali Tania anasimama dirishani, machozi yanamtoka, anasema kitu. Hapo Wilondja aliishusha sauti mpaka jenereta lenyewe likaona haya kunguruma.

"Nenda," Tania alisema kwa kinywa cha Wilondja. "Hata wakija kuniposa wenye farasi mia, mimi nimeshaolewa na nyayo zako."

Akisema hivyo Wilondja hakuitazama televisheni. Aliitazama benchi ya wasichana, alipokaa Clothilde. Huyo Clothilde alikuwa akiposwa na Modestus, kijana mwenye baiskeli, tena baiskeli yenye kengele. Modestus alijibiwa aende zake na kengele yake. Clothilde akaolewa na sauti, na mtoto wao wa kwanza wakamwita nani? Wakamwita Tania.

Kanda yenyewe ilikuwa mbovu mwishoni. Kinu kikianza kuungua, picha iligeuka mvua tupu, nyeupe, inayochirizika. Wilondja hakubabaishwa na mvua. Ndani ya mvua hiyo stelingi alirudi na ng'ombe wote, akamwoa Tania, na kwaya ikaimba. Nani angembishia? Kila mtoto wa kibandani anaijua sheria: stelingi hafi.

Sasa tumfuate Irving, Texas, maana ndiko balaa lilikomkuta.

Irving, kando ya uwanja wa ndege, Wilondja alikuwa mbandika lebo katika ghala la mizigo. Kutwa alibandika, na mkanda wa mashine ukampitishia maboksi bila kumsalimu. Lakini Jumapili kanisani alikuwa DJ Wilo yule yule. Alipewa kiti cha mbele kwenye harusi, alisimamishwa aongee kwenye misiba, na watoto waliambiwa, "Msalimie baba huyu, alitufundisha Kiingereza wakati Kiingereza hakijafika."

Kumbe Kiingereza chenyewe kilikuwa kimeishia njiani. Clothilde alifanya kazi katika nyumba ya wazee kule Carrollton, na wazee wa Kimarekani hawana kazi nyingine ila kusimulia, kwa hiyo Kiingereza cha mama kilinenepa mwaka hadi mwaka. Cha Wilondja kilibaki kile cha maboksi: dhaifu, vunjika, juu, chini, ghala, Alhamisi, pesa. Nyumbani hata hivyo cheo kilikuwa bado chake. Karatasi ya shule ikija, alivaa miwani, akaitazama, akaguna kama mtu aliyeona kosa la sarufi, kisha akasema, "Bon. Mpe Tania asaini."

Ghorofa ya juu yao alikaa Nyaga, nesi wa Kikenya, mtu mwema kupita kiasi. Nanyi mnajua, nyumba nyingi hazichomwi na maadui, huchomwa na watu wema waliokuja kuwasha taa. Nyaga alikuwa amesikia habari za Koti Refu kutoka kwa Clothilde mara nyingi kuliko alivyosikia habari za mama yake mzazi. Jumapili moja, watu wakila wali baada ya ibada, akagonga sahani kwa kijiko.

"Watu wangu, sikizeni. Huyu mzee na mama wanafikisha miaka ishirini ya ndoa, si ndio? Sasa mimi niliingia kwa mtandao, nika-post: koti refu, farasi wa sikio jeupe, kinu kinaungua. Wazungu hawakumaliza hata chai. Wameipata! Na si kuipata tu. Kuna sinema ya zamani kule Fort Worth wataionyesha Jumamosi mchana, kwa skrini kubwa. Tiketi zetu sote nimeshanunua."

Makofi yalipasua dari. Mama Bibiche, kiongozi wa kwaya, mtu wa Nyarugusu kama wao, alipiga vigelegele hadi mtoto wa mtu akalia. Clothilde alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Baba Tania," alisema, "nitamwona dirishani. Na safari hii nitamsikia mwenyewe, kwa sauti yake."

Wali ulimkwama Wilondja mahali ambapo wali haupiti. Alikunywa maji. Akahesabu kichwani: Clothilde, Kiingereza kilichonona, Tania wa dirishani, maneno yake halisi. Nini alisema mwanamke yule? Hata yeye hakujua! Huenda alisema mvua inanyesha. Huenda aliuliza nani kaacha mlango wazi. Na juu ya maneno hayo Wilondja alikuwa amejenga mke, watoto, heshima na kiti cha mbele.

"Vizuri sana, Nyaga kijana wangu," alisema. "Mungu akulipe unavyostahili."

Wiki hiyo alijaribu njia zote. Kwanza aliugua mgongo. Clothilde akamkanda kwa mafuta ya moto, na kwa sababu alifundishwa kazi hiyo na watu wanaokanda kwa cheti, mgongo ukapona siku ile ile, ukawa mzuri kuliko ulivyokuwa kabla ya kuugua. Kisha alisema sinema za siku hizi hazina maana. Alikumbusha jinsi walivyowahi kwenda ile mpya ya Carrollton, yenye viti vinavyolala kama vitanda vya hospitali na vijana wanaokuletea hamburga gizani, naye akalala tangu matangazo hadi majina ya mwisho.

"Nililipia kitanda," alisema.

"Hii haina vitanda," Clothilde alimjibu. "Nyaga anasema viti vyake vinauma."

Mwisho alimwendea Pasta Josué, faragha, na Biblia kwapani.

"Pasta, mimi nawaza roho za watu. Filamu ile ina bastola. Ina pombe. Je, ni halali kundi zima la Bwana liende?"

Pasta Josué alimshika bega kwa upendo. "Ndugu yangu, ile ya Tania? Mimi nimehubiri juu ya Tania mara tatu! Tania dirishani ni mfano wa kanisa linalomngoja Bwana arusi. Hapana, hapana. Mimi mwenyewe nakuja, na daftari langu nakuja nalo."

Wilondja akarudi nyumbani akiwa na mzigo wa pili. Sasa haikuwa ndoa tu. Sasa ilikuwa na theolojia ndani yake.

Jumamosi ikafika. Tegemeo lake la mwisho lilikuwa usukani. Aliingia barabara kuu ya kwenda Fort Worth kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza marehemu, na kila palipokuwa na njia ya kutokea, akaipita akitazama upande mwingine.

"Dad, that was our exit," alisema Tania kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka kumi na saba na masikio yaliyozibwa, lakini makosa ya baba yake aliyasikia hata kupitia muziki.

"Niliiona. Niliikataa."

Yule mwanamke wa ndani ya simu hakukata tamaa. Geuka kulia. Geuka kulia. Geuka pale mbele. Wilondja alijua wanawake wengi wavumilivu, lakini huyu alimpita hata Tania wa dirishani. Waliingia mtaa wa magari mabovu, wakazunguka ghala la chakula cha mifugo, wakapita mbele ya duka moja la matairi mpaka mwenye duka akaanza kuwapungia mkono. Filamu ilikuwa imepangwa kuanza saa nane mchana. Walipoegesha gari, saa tisa kasoro ilikuwa imefika na Wilondja alikuwa amejaa furaha.

"Ah, masikini," alisema akizima gari. "Tumechelewa. Itakuwa imeshapita pale dirishani."

"Haijaanza!" Nyaga, aliyetangulia, alipiga kelele kutoka mlangoni. "Wahi, Mzee Wilo! Jamaa bado anatoa hotuba!"

Wilondja hakujua jambo moja juu ya Wamarekani na filamu zao za zamani: kabla ya kuionyesha, lazima mtu mmoja mwenye ndevu asimame mbele na kueleza kwa nini utaipenda. Huyu alikuwa ndiye meneja mwenyewe. Alikwisha kueleza maana ya koti, alikwisha kueleza maana ya farasi, na sasa alikuwa ndani kabisa ya maana ya sikio. Waafrika wamelaumiwa bure kwa kuchelewa. Siku hiyo walichelewa kama kawaida yao na bado walikuta mhubiri hajafika kwenye sadaka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa skrini moja, zulia limechakaa, taa za nje zimepoteza herufi. Vijana wa Kimarekani walijipanga humo wamevaa nguo za babu zao kwa makusudi. Kwetu kitu kikichakaa tunakificha wageni wasikione. Hapa wanakiwekea kiingilio.

Mama Bibiche aliingia na mimba. Wajukuu wake wako sekondari, lakini chini ya kitenge alikuwa amebeba mandazi na samaki wa kukaanga, kwa kuwa mlangoni kuna tangazo kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Msichana wa tiketi alimpongeza, akamwuliza ni mvulana au msichana.

"Ni sangara," Mama Bibiche alijibu kwa Kiswahili, akapita.

Pasta Josué naye aliona ngazi nyembamba za kwenda roshani ya juu, akaanza kuzipanda, maana mtu wa Mungu hukaa juu. Meneja alikatisha hotuba yake, akaja mbio, amekuwa mwekundu hadi ndani ya ndevu. Akaongea kwa mikono, akaomba radhi, akashika kifua.

"Anasema nini huyu?" Pasta aliuliza.

"Anasema zamani huko juu ndiko walikowaweka watu weusi," Nyaga alieleza. "Hawakuruhusiwa kukaa chini. Anaona aibu."

"Na siku hizi huko juu ni wapi?"

Nyaga aliuliza, akajibiwa. "Siku hizi ni VIP. Tiketi yake ni ghali zaidi."

Pasta alitazama ngazi, akatazama ndevu, akashuka polepole. "Basi kwanza walitukataza kukaa chini," alisema, "na sasa wanatukataza kukaa juu. Tukae katikati, ndugu zangu."

Taa zikazimwa. Farasi akatokea, sikio lake moja jeupe, kubwa kama mlango wa gereji, na safu nzima ya watu wa Nyarugusu ikapiga kelele za kumlaki kama ndugu aliyepata viza.

"DJ!" Mama Bibiche aliita. "DJ Wilo! Simama!"

"DJ! DJ!" wengine wakapokea.

Wilondja alisimama haraka kuliko alivyowahi kusimama kwa ajili ya wimbo wa taifa lolote. Hapa ndipo palipokuwa na wokovu wake! Akiongea kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho, Kiingereza cha ukutani kitasikika na nani? Akavuta pumzi. "Wapendwa watazamaji," alinguruma, "katika nchi ya Texas, alikuwapo kijana mmoja, mtoto wa..."

"Shhh!" ukumbi wote ukamtemea. Kijana mmoja mwenye suspenda za babu yake aligeuka akamtazama kana kwamba Wilondja ndiye aliyemwua babu huyo. Meneja alikuja na tochi ndogo, akainama, akanong'ona kitu cha adabu na cha mwisho.

Wilondja akakaa. Hajawahi kukaa katika filamu hii. Miaka yote alikuwa juu yake kama mpanda farasi, na sasa ilikuwa inakwenda bila yeye.

Na kwa mara ya kwanza akaisikiliza. Akashika neno hapa, neno pale, la maboksi na la barabarani. Hapakuwa na ng'ombe! Wale wajomba watatu waliokuwa wakigombania mahari kumbe walikuwa watu wa benki. Adui mwenye kofia nyeupe hakuwa adui, alikuwa polisi. Na stelingi, Mungu amsamehe, yeye ndiye aliyekuwa mwizi. Wilondja alijikuta ameinama mbele, ameshika kiti cha mtu, akitaka kujua nini kitatokea. Halafu akakumbuka ameketi na nani, akamtazama Clothilde kwa pembe ya jicho. Uso wa mke wake, ukimulikwa na jangwa lile, haukusema kitu. Aliitazama filamu kama anavyoitazama homa ya mgonjwa.

Kiwiko kikamgonga upande wa pili.

"Dad," Tania alinong'ona. Alikuwa ametoa vile vya masikioni. "Hakuna Tania. She's called Dorothy."

"Nyamaza, mwanangu."

"Na anamsaliti. She's a snitch, Dad. Mumeniita jina la snitch?"

"Si umesema hakuna Tania? Basi hujaitwa jina la mtu. Tulia."

Msichana alifikiri kidogo gizani. Alikuwa damu ya baba yake. "Nataka gari Ijumaa," alisema.

"Chukua."

"Na Jumamosi."

"Tania..."

"Mama!" aliita kwa sauti ndogo, akiinama kumvuka baba yake.

"Na Jumamosi! Chukua! Chukua hata stika ya bima!"

Ndipo dirisha likaja. Wilondja alilitambua kabla halijafika, kama mtu anavyotambua nyayo za mwenye nyumba. Mwanamke akasimama, machozi yakamtoka, makubwa kama mabakuli. Safu nzima ya Nyarugusu ikainama mbele. Mama Bibiche aliacha kutafuna. Kila mmoja alikuwa anayasema moyoni maneno yale, midomo ikichezacheza: nenda, hata wakija wenye farasi mia.

Mwanamke alifungua mdomo. Alhamisi, alisema. Ghalani. Leteni pesa.

Maneno yote matatu yalikuwa ya maboksi. Kati ya Kiingereza chote duniani, Dorothy alichagua kile ambacho hata Wilondja anakijua. Akafumba macho. Alingoja mkono wa Clothilde uondoke juu ya mkono wa kiti ulipokuwa umelala karibu na wake. Mkono haukuondoka. Haukusogea pia.

Mambo yangeishia hapo, kwa aibu ya mtu mmoja, lau filamu ingekuwa na huruma. Lakini hii haikuwa kanda ya kambini. Hapakuwa na mvua ya kuokoa mtu. Kinu kikaungua, safi, kila cheche inaonekana, stelingi akatoka ndani ya moshi na koti lake refu, na polisi wakampiga risasi. Akaanguka. Watu wa Nyarugusu wakamngoja ainuke. Hakuinuka. Majina yakaanza kupanda.

Kisha Mama Bibiche akasimama na mimba yake.

"Amekufa?" aliuliza dunia nzima. "Stelingi amekufa?"

"Stelingi hafi!" mzee mmoja alipaza sauti.

"Na ng'ombe wako wapi? Harusi iko wapi? Ile kwaya?"

"Wameikata!" Mama Bibiche alipiga paja. "Mimi niliiona kwa macho yangu, Nyarugusu! Alirudi, akaoa! Hawa wameikata, wametupa nusu. Wazungu watatuuzia filamu bila harusi?"

"Mimi nimehubiri harusi ile," Pasta Josué alisema, akitazama daftari lake tupu. "Mara tatu."

Walitoka wote hadi kwenye ukumbi wa mbele, kwenye mashine ya bisi, wakamzunguka meneja. Wilondja alisukumwa hadi katikati kwa mikono ya upendo. "DJ, mwambie! Wewe ndiye unayeijua! Mwambie kwa Kiingereza!"

Meneja alimtazama Wilondja. Wilondja alimtazama meneja. Kwenye ulimi wake palikuwa na dhaifu, vunjika, juu na chini. Nyaga, aliyekuwa anaelewa kila kitu tangu dirishani na masikio yamemsimama, alifungua mdomo wake mwema.

"Lakini jameni, ukweli ni kwamba hii filamu..."

Kiatu cha Clothilde, kile kizito cha kazini, kilitua juu ya kidole cha Nyaga.

"Nyaga," alisema mama bila kugeuka, "wewe ni nesi. Mgonjwa huambiwa kila kitu?"

Nyaga akainama kukipapasa kidole.

"Baba Tania sauti imemkauka," Clothilde aliwaambia watu. "Nitamsemea mimi."

Akamgeukia meneja, akaongea. Kiingereza chake kilikwenda taratibu, chenye adabu, kama mtu anayemlaza mzee kitandani. Wilondja alitega sikio mpaka likamwuma. Alishika maneno machache. Watu hawa wanalia, Clothilde alisema. Ni nzuri sana. Hawajawahi kuona mwisho.

Meneja aliweka mkono kifuani, macho yakamlowa. Akajibu kwa kirefu. Hiyo nakala ni kamili, Wilondja alielewa kwa ishara, haikukatwa hata kidogo, ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza. Hakuna harusi. Hajawahi kusikia habari za harusi yoyote.

"Anasemaje?" watu wakauliza.

Clothilde akasimama wima. Akavuta pumzi, na Wilondja aliijua pumzi ile. Aliijua kwa sababu ilikuwa yake.

"Anaomba radhi," alisema Clothilde, na sauti yake ikateremka mpaka mashine ya bisi ikaona haya kulia. "Anasema tuna haki. Filamu ile ilikuwa na harusi, tena ndefu, lakini ghala lao liliungua moto, na kipande cha harusi kikateketea. Marekani nzima hakikubaki. Anasema walikuwa wamesikia kwamba huko Afrika iko nakala nzima, na kwamba alikuwako mtu mmoja aliyeitafsiri neno kwa neno. Hawakujua mtu huyo bado anaishi."

"Yuko hapa!" Mama Bibiche alipiga kelele, akamwinua Wilondja mkono kama bondia aliyeshinda. "Mwambie yuko hapa! Anaishi Irving!"

Watu wakashangilia. Meneja naye akashangilia, maana alidhani ni mila, akapeana mikono na Wilondja mara mbili. Pasta Josué aliandika upesi: nakala iliyobaki Afrika. Jumapili ijayo mtaisikia, mpende msipende.

"Na bisi zile zilizobaki?" Mama Bibiche alichungulia mashine. "Hakusema kitu juu ya bisi?"

"Alisema mchukue," Clothilde alijibu, akiwa ameshazoea kazi.

Mama Bibiche aliingia na mimba ya samaki, akatoka na mimba ya bisi, na msichana wa tiketi, aliyenusa hewa akashangaa, alimfungulia mlango kwa heshima zote.

Gari likaingia barabara kuu. Tania alikuwa nyuma, akiwaandikia rafiki zake kwamba ana gari Ijumaa. Wilondja aliendesha akitazama mbele tu.

"Mama Tania," alisema hatimaye, "kuhusu yale ya dirishani..."

"Kule kambini," Clothilde alisema, "yule mwanamke alifumbua mdomo mara tatu. Nilihesabu. Wewe ulisema maneno ya kutosha kushona shuka. Ulidhani nina macho ya nini?"

Wilondja alikosa njia ya kutokea. Safari hii kweli hakuiona.

"Ulijua? Tangu pale?"

"Nilijua hayakuwa yake. Nikataka kujua ni ya nani." Alivua viatu vyake vizito, akanyoosha miguu. "Modestus alikuwa na baiskeli. Kengele yake ilisema neno moja tu, siku zote lile lile."

Yule mwanamke wa simu akawaambia wageuke kushoto. Clothilde alimzima.

"Sasa nimepoteza Jumamosi yangu kumsikiliza Dorothy," alisema. "Anza dirishani. Sauti ile ya chini. Na usinitazame, tazama barabara."

"Sasa hivi? Mtoto anasikia."

"Mtoto ana gari lako hadi Jumamosi, nilisikia. Anza."

Wilondja alikohoa, akasafisha koo, akaishusha sauti chini kabisa, mahali ambapo haijafika tangu siku za jenereta.

"Nenda," alisema.

"Hapana, kuna machozi kwanza," Clothilde alisema. "Usiruke."